Mlango kwanza, bibi baadaye: habari za ndoa na makao mapya katika Butembo na Beni

Mapadiri na makatekista wanapokutana, mara nyingi husema neno hili: ya kuwa ndoa iliharibika siku watu walipoacha vilima wakashuka mjini. Zamani, husema, kijana alikuwa na baba, na mbuzi, na kilima. Leo ana simu na chumba cha kupanga, na bibi amempata barabarani. Neno hili si uwongo wote. Lakini anayelisema anafikiri ya kuwa babu zetu walikaa mahali pamoja tangu mwanzo, na ya kuwa kuhama ni jambo la juzi. Historia ya nchi ya Butembo na Beni haionyeshi hivyo. Inaonyesha watu waliohama mara nyingi, kila mara kwa sababu nyingine, na kila mara walipaswa kuanza tena: kutafuta shamba, kutafuta jamaa, kutafuta bibi au bwana. Na kadiri tunavyoyapima mambo hayo, tunaona ya kuwa ndoa ya mtu aliyehama ilisimama au ilianguka kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine, nayo ni hii: alipofika, alipokewa na nani?

Tuanze na zamani. Wanande, ambao hujiita pia Wayira, husimulia ya kuwa wazee wao walivuka mto Semliki wakitoka upande wa mashariki, pande za Kitara, katika nchi iliyo leo Uganda. Ndugu zao Wakonzo wangali wanakaa upande wa pili wa mlima Ruwenzori, na lugha zao husikilizana. Waliovuka walipanda vilima, wakakata msitu, wakalima ulezi na maharagwe na ndizi, wakagawanyika kwa jamaa zao: Bashu, Baswagha, Bamate, Batangi na wengine. Hawakukuta nchi tupu. Misituni walikuwako Wambuti, na katika pande za Beni walikuwako Wambuba na Walese. Basi tangu siku za kwanza wazee wetu walikuwa wageni kwa mtu fulani.

Mgeni aliyefika kilimani hakuanza kwa kuomba binti wa watu. Alianza kwa kuingia katika kyaghanda. Vijana wengi wa seminari wanalijua neno hili kama jina la chama cha Wanande mjini, sharti tulieleze. Kyaghanda ilikuwa nyumba ya moto katikati ya makao, mahali ambapo wanaume walikaa jioni, wakala pamoja, wakakata maneno ya ugomvi, wakafundisha watoto wao wa kiume. Hapo mpita njia alipewa chakula kwanza, kisha akaulizwa jina la baba yake. Akitaka kukaa, alipelekwa kwa mkuu wa ardhi, akapewa mahali pa kulima, naye akaanza kutoa fungu lake la kila mwaka, mbuzi au kuku au pombe. Kwa fungu hilo alitambua ya kuwa ardhi ina mwenyewe, na mwenyewe akatambua ya kuwa mtu huyo ni wake. Ndipo sasa, msimu mmoja au miwili imepita, watu wa kilima walikuwa tayari kwenda pamoja naye kusema habari za bibi. Walikuwa wamekwisha kumwona akilima.

Mali ya kuoa ilikuwa mbuzi. Kwa Kinande huitwa omutahyo. Wazungu wengi wa kwanza waliandika ya kuwa watu wetu wananunua wanawake, na mapadiri wengine waliandika vivyo hivyo. Hawakuona jinsi mbuzi walivyopatikana. Kijana hakuwa na zizi lake. Mbuzi walitoka kwa baba, na kwa wajomba, na katika mali iliyoingia nyumbani kwa ajili ya dada yake aliyeolewa. Kila aliyetoa mbuzi alikuwa shahidi wa ndoa, na ndoa ikivunjika alikuwa na neno la kusema. Yule asiye na ndugu hakuweza kuoa, hata kama mikono yake ilikuwa na nguvu, mpaka apate mtu wa kumsimamia kama baba. Kwa hiyo mali haikuwa bei ya msichana. Ilikuwa hesabu ya watu walio nyuma ya kijana.

Hata hivi tusiipambe zamani kupita kiasi. Mtu aliyesimamiwa na mwingine alikuwa mdogo wake siku zote. Bibi aliyefiwa alichukuliwa na ndugu ya marehemu, na si kila mara aliulizwa moyo wake. Msichana aliweza kuahidiwa akiwa mtoto. Tukisoma habari za Ruti Mmoabu, mjane aliyefuata mama mkwe wake katika nchi ngeni, akaokota masuke katika shamba la mtu, kisha akapata bwana mbele ya wazee mlangoni pa mji, wakristu wetu hawahitaji maelezo marefu. Wanaelewa mara moja shamba lile, na wazee wale, na hofu ya mwanamke yule usiku.

Sasa tufike kwa siku za Wazungu. Mapadiri wa Moyo Mtakatifu, waliokuwa na makao yao makubwa upande wa Stanleyville (leo Kisangani), walianza misioni katika Beni mwaka 1906. Mapadiri Waasumpsioni walifika mwaka 1929 wakapokea kazi hiyo. Mwaka 1934 Beni ikatengwa na Stanley Falls, na Henri Piérard akawekwa mkubwa wake. Mwaka 1938 ikawa Vikarieti ya Kitume, mwaka 1959 ikawa jimbo, na mwaka 1967 jina likabadilishwa kuwa jimbo la Butembo-Beni, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, mzaliwa wa nchi yenyewe. Makleriki wanayajua hayo. Lakini katika miaka ile ile watu walisukumwa huku na huku kwa nguvu, na jambo hilo halisemwi sana.

Katika bonde la Semliki ugonjwa wa usingizi uliua wengi, na Serikali ya Wabelgiji ikawahamisha waliobaki. Nchi yao nzuri ikaingizwa katika Parc Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupanuliwa katika miaka ya 1930, ile tunayoiita leo Virunga. Waliohamishwa hawakuruhusiwa kurudi. Makaburi ya baba zao yalibaki kwa tembo na viboko. Juu ya vilima vya Lubero walowezi walichukua sehemu ya ardhi kwa mashamba yao. Na kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923, ilihitaji watu wa kuchimba dhahabu katika Lutunguru na Manguredjipa, na wengine wa kuleta chakula. Butembo yenyewe ilikua kwa ajili ya kampuni hiyo na ya wachuuzi waliokuja nyuma yake. Wakati wa vita vya 1940 mpaka 1945 mzigo ukazidi. Tangu mwaka 1942 siku za kazi ya lazima ziliweza kufika 120 kwa mwaka.

Tujiulize sasa, kijana wa kilima cha Bashu au cha Baswagha aliyekwenda Manguredjipa alipokewa na nani? Alipokewa na kapita, aliyeandika jina lake katika daftari na kumpa posho. Kapita hakuuliza jina la baba yake ila kwa ajili ya kodi. Kambini kulikuwako vijana wengi na wanawake wachache. Kijana alipata franka, na kwa franka aliweza kununua mbuzi bila kuomba wajomba. Hapo ndipo tunaona badiliko kubwa, na si katika mji wenyewe. Mara ya kwanza kijana aliweza kutoa mali peke yake. Wengi walifurahi, na sisi tunaelewa furaha yao: hawakungoja tena huruma ya mkubwa wao, wakachagua msichana waliyempenda. Lakini mbuzi walionunuliwa kwa mshahara hawakuwa na mashahidi nyuma yao. Bwana akigombana na bibi, nani angekuja kuwapatanisha? Wajomba hawakutoa kitu, walikaa kwao.

Wabelgiji waliona nyumba zinavunjika, wakatafuta dawa katika sheria. Dekreti ya 5 Julai 1948 ililinda ndoa ya bwana mmoja na bibi mmoja iliyoandikwa. Dekreti ya 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1 Januari 1951. Wamisionari walishukuru. Nasi hatusemi ya kuwa sheria hizo zilikuwa mbaya. Ziliwapa wanawake wengine mahali pa kukimbilia. Lakini sheria haimkaribishi mtu jioni. Mtu mwenye wake wawili alificha mmoja, au alimfukuza yule mzee akabaki na kijana, na aliyefukuzwa akawa mgeni mpya, bila kilima na bila bwana.

Aliyesimama mahali pa kyaghanda katika miaka ile, kwa maoni yetu, alikuwa katekista. Katika vitabu vya historia ya misioni anatajwa kwa mstari mmoja, nyuma ya majina ya mapadiri na tarehe za makanisa. Tukumbuke kazi yake. Alikuwa na kanisa la majani ambalo lilikuwa shule pia. Alijua kusoma, basi aliandika barua za vijana kwa wazazi wao, na akawasomea majibu. Padiri alipopita mara chache kwa mwaka, ni katekista aliyemwambia: huyu na huyu wanakaa pamoja, wanataka ndoa, lakini bwana ana bibi mwingine kwao, tuulize kwanza. Sheria ya Kanisa ilitaka mambo hayo yaulizwe, tangu Mtaguso wa Trento na tena kwa dekreti Ne temere ya mwaka 1907. Aliyekwenda kuuliza kwa miguu, vilima vitatu au vinne, alikuwa yeye. Kwa namna hiyo wajomba waliokaa mbali walipata habari, wengine wakaja siku ya ndoa, na mbuzi wa mshahara wakapata mashahidi. Wakatekumeni waliotoka makabila mbalimbali walifundishwa pamoja miezi na miezi, na baba wa batizo akawa kweli baba kwa yule asiye na baba karibu.

Baada ya Uhuru Butembo ikakua haraka. Hatutaandika hapa habari zote za biashara yake, kwa sababu wengine wameziandika vizuri kuliko sisi. Mboga za vilima zilipelekwa kwa kamiyo mpaka Kisangani, na zaidi mpaka Kinshasa. Mwaka 1973 Serikali ya Mobutu ikanyang'anya wageni maduka na mashamba. Katika miaka ya 1980 biashara ya dhahabu ikafunguliwa. Baadaye wachuuzi wetu wakafika Nairobi, Dubai na Guangzhou. Mji ulijengwa kwa mikono ya wenyeji wake, na hata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 siku za Askofu Kataliko, kilitokana na nia hiyo ya kutongoja Serikali.

Katika siku hizo neno kyaghanda lilisafiri pia. Wanande waliokaa Kisangani, Kinshasa na Goma waliunda chama, wakakipa jina la ile nyumba ya moto. Kijana akishuka kwenye kamiyo, akataja jina lake, Kambale au Kasereka au Kakule, au msichana akasema naitwa Masika, wenyeji walijua mara moja anatoka wapi, maana majina yetu hufuata mfuatano wa kuzaliwa na hayafichi asili ya mtu. Chama kilimzika aliyekufa mbali na kwao, kilimtafutia kazi mgeni, na kilikaa mahali pa wazazi siku ya kutoa mali. Ni jambo zuri. Lakini tuseme wazi: mlango huu ulifunguka kwa mwenye jina linalojulikana. Msichana Mmbuti, au kijana aliyetoka kabila jingine, angeweza kukaa Butembo miaka kumi bila mtu wa kumwita ndugu. Tena utajiri ulileta kishawishi chake. Mchuuzi mwenye kamiyo njiani alijenga nyumba ya pili katika mji mwingine, ile ambayo wenye utani huiita "biro ya pili", na watoto wa huko hawakujulikana kwenye kyaghanda ya baba yao mpaka siku ya matanga, walipokuja kudai urithi.

Kwa hiyo tunaona hekima katika neno la maaskofu wa Kongo walipokusanyika mwaka 1961, mwaka mgumu, nchi ikichafuka. Walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai za wakristu, zile ambazo katika Kivu wengi huziita shirika. Watu wengi husifu jumuiya hizo kwa ajili ya sala na usomaji wa Injili. Sisi tunataka kuongeza kitu kidogo ambacho hakitajwi sana: jumuiya huhesabu watu kwa mtaa. Haiulizi kilima cha baba yako. Inauliza unakaa nyumba gani. Mpangaji aliyefika juzi katika Bulengera au Mususa ni mtu wa jumuiya kama mwenye nyumba. Akiwa mgonjwa ataonekana. Akitaka ndoa, wakubwa wa jumuiya ndio wanaoulizwa kwanza na paroko kama wanamjua. Kama jumuiya imelala, basi hakuna anayemjua, na hati ya paroko inabaki karatasi tu.

Tangu miaka ya 1970 na 1980 watu wa vilima vya Lubero, ambako mashamba yalikwisha kuwa madogo mno, walishuka upande wa Beni, Mbau, Oicha na Eringeti, wengine wakaendelea mpaka misitu ya Mambasa katika Ituri. Huko walikuwa tena wageni. Walipewa ardhi na wenyeji, na pengine mapatano hayakuwa wazi: aliyepokea alidhani amenunua, aliyetoa alidhani amempokea mgeni atakayeleta fungu lake kila mwaka. Mtu akitaka kujua chanzo cha magomvi mengi ya nchi ile, achunguze hapo. Lakini watu walioana pia. Wana wa Wanande walioa mabinti wa Wambuba na Walese, na watoto wao wanasema lugha mbili za nyumbani na Kiswahili cha barabarani.

Kisha vita. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga na kwa moto, mashambani na majumbani, katika Ngadi, Eringeti, Oicha, Rwangoma na mahali pengi pengine. Kundi la ADF, ambalo lilitoka Uganda na limekaa misituni miaka mingi, ndilo linalotajwa kwanza. Waliokufa ni maelfu. Waliokimbia hawahesabiki kwa urahisi, kwa maana hukimbia, hurudi, hukimbia tena. Juu ya hayo ugonjwa wa Ebola ulitangazwa 1 Agosti 2018 katika Mangina, ukaenea mpaka Beni, Butembo na Katwa, na ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameupata na 2,287 walikuwa wamekufa. Waliopona, ambao watu waliwaita washindi, waliogopwa na majirani zao, na wengine walikuta nyumba zao zimefungwa. Walakini hao hao ndio waliochukuliwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa kitandani, kwa sababu mwili wa aliyepona ulikuwa na kinga, na wengine hawakuthubutu kumshika mtoto. Mwaka 2024, kundi la M23 lilipouteka mji wa Kanyabayonga mwezi wa Juni, watu wengine walipanda kwa wingi kuja Lubero na Butembo. Familia zilizowapokea hazikuwa na kitu. Walilala kumi na zaidi katika nyumba ya vyumba viwili.

Ndugu mapadiri, katika watu hao wapo wanawake ambao mabwana zao walichukuliwa porini, wala hawakurudi, wala maiti haikuonekana. Miaka mitano imepita, au minane. Amefika Butembo na watoto wanne. Mtu mwema wa mtaa amemsaidia, amewalipia watoto shule, sasa anataka kumwoa. Naye mwanamke anakuja kwa paroko kuuliza. Hili si jambo la kitabuni. Kila paroko wa pande zetu amekutana nalo, au atakutana nalo. Tumjibuje?

Wengine hujibu upesi: ngoja. Wengine hujibu upesi vilevile: olewa tu, Mungu anajua. Majibu haya mawili yana kosa moja, yaani hayaulizi neno. Historia ya Kanisa ina habari inayofaa hapa, na tunasikitika kwamba haifundishwi vya kutosha. Tarehe 25 Januari 1585 Papa Gregori XIII alitoa konstitusyo Populis ac nationibus. Aliwafikiri watu waliotekwa katika Angola, Ethiopia, Brazil na Indi, wakapelekwa mbali na nchi zao, bwana huku na bibi kule. Wakibatizwa ugenini, wangekaaje maisha yote bila ndoa, na mwenzao hawezi hata kuulizwa? Papa akawapa maaskofu, maparoko na mapadiri Wayezuiti uwezo wa kuwaruhusu kufunga ndoa mpya. Sheria hiyo, ambayo kodeksi ya mwaka 1917 iliieneza duniani pote na ya mwaka 1983 imeishika katika kanuni 1149, ilizaliwa kwa ajili ya machozi ya watumwa, wengi wao Waafrika. Haifai kuisoma kama hesabu kavu.

Lakini tuangalie. Sheria ile inamhusu aliyeoana kabla ya batizo na mtu asiyebatizwa. Mama yetu wa Oicha na bwana wake walibatizwa wote wawili, wakafunga ndoa kanisani. Hakuna anayeweza kuifungua ndoa hiyo ila kifo. Kwa hiyo swali ni moja tu: je, bwana amekufa? Kanuni 1707 yasema ya kuwa pasipo hati ya kifo, askofu wa jimbo ndiye anayeweza kutangaza ya kuwa bwana anahesabiwa amekufa, baada ya kuchunguza mpaka moyo utulie katika ukweli. Na ya kuwa kutoonekana peke yake, hata kwa muda mrefu, hakutoshi.

Wengi husoma maneno haya ya mwisho wakafunga kitabu. Wangefungua maagizo ya mwaka 1868, Matrimonii vinculo, wangeona njia yenyewe. Roma ilieleza humo namna ya kuchunguza: kutafuta mashahidi wawili waliomwona; asipopatikana wa pili, kumsikiliza mmoja aliye mwaminifu; wasipopatikana, kukusanya mambo mengine, umri wa mtu, afya yake, tabia yake, hatari aliyokuwa ndani yake. Na katika mambo hayo limetajwa moja linalotushangaza katika maandiko ya sheria: je, alimpenda bibi yake na watoto? Alikuwa na sababu ya kujificha mbali nao? Maana mtu aliyependa nyumba yake, na aliyeweza kurudi au kutuma neno, asipofanya hivyo miaka yote, upendo wake wenyewe unakuwa ushahidi wa kifo chake.

Ushahidi huo nani atautoa? Paroko aliyefika mwaka jana hawezi. Atautoa jirani wa zamani, katekista wa kijiji kilichochomwa, mwanamke aliyefungwa kamba siku ile ile akaponyoka njiani. Wametawanyika Butembo, Goma, Bunia, Kasindi. Tena sharti tuwe waangalifu, kwa kuwa wapo waliokaa porini miaka kisha wakatoroka wakarudi. Mapadiri watatu Waasumpsioni wa parokia ya Mbau, Jean-Pierre Ndulani, Anselme Wasukundi na Edmond Kisughu, walichukuliwa usiku wa 19 Oktoba 2012. Jamaa zao na shirika lao wanajua maana ya kungoja. Anayemwambia mama wa Oicha angoje, amwambie kama mtu anayetafuta pamoja naye.

Kuna neno la pili, la wasichana waliotekwa wakafanywa bibi kwa nguvu. Wakiponyoka wanarudi na mtoto mgongoni, na watu wa nyumba yao wengine husema: huyu ameolewa kule. Hapana, hakuolewa. Kanuni 1089, iliyofuata Mtaguso wa Trento, inakataa ndoa ya mwanamke aliyetekwa maadamu yumo mikononi mwa aliyemteka. Yuko huru kabisa kuposwa na kufunga ndoa kanisani. Makatekista walitangaze jambo hili wazi katika jumuiya, maana msichana mwenyewe hathubutu kuuliza.

Juu ya mali ya kuoa tutasema machache. Hata leo hesabu husemwa kwa mbuzi, ijapokuwa mkononi ni dola. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, inatambua mali hiyo, na tangu 2016 haikubali ndoa ya mtu chini ya miaka 18. Kijana aliyekimbia Eringeti bila kitu ataitoa wapi? Baba wa msichana, naye mkimbizi, hutaka yote mara moja kwa sababu ana njaa, na pengine humtoa binti wa miaka 15. Matokeo yake twayaona: wanakaa pamoja kimya, wanazaa, wanakuja kanisani baada ya miaka kumi siku ya ndoa za wengi. Wazee wengine wa Butembo hupokea mbuzi mmoja au wawili, wakaandika deni la waliobaki. Huo ndio uliokuwa ufahamu wa kale kabisa wa omutahyo, mali inayotolewa polepole ili jamaa mbili zisiachane. Hatuoni kwa nini paroko asiende mwenyewe, pamoja na wakubwa wa jumuiya, kukaa na baba huyo na kumwomba hivyo.

Limebaki jambo la vitabu, nalo ni la waseminari hasa, maana huona uandishi wa daftari ni kazi ya karani. Kanuni yataka kila ndoa iandikwe pia katika kitabu cha mabatizo cha parokia alikobatizwa mtu. Kwa hiyo jina la mama wa Oicha liko mahali pamoja duniani, na pembeni mwake jina la bwana wake. Parokia zilizoshambuliwa zilibidi kuhamisha vitabu vyao, na vingine vimeharibika kwa mvua na moto. Pale kitabu kimepotea, ushuhuda wa baba au mama wa batizo, au wa mbatizwa mwenyewe kama alibatizwa mtu mzima, unatosha mahali ambapo hakuna mwenye hasara. Makatekista wengi walipokimbia walichukua madaftari yao ya jumuiya pamoja na sufuria na blanketi. Humo mna majina ya nyumba zote za kijiji, na nani alikuwa bwana wa nani, na siku gani nani hakuonekana tena. Maparoko wa Butembo na Beni waombe madaftari hayo, wayanakili, wampelekee askofu nakala, kabla wenye kuyaandika hawajatawanyika tena.